TUWAFUNDISHE WATOTO WETU KUUJUA WAKATI

(Nakala ya mhadhara uliotolewa kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa madrasa, Kimuli, Kagera)

  



Katika Ramadhani moja iliyopita, mwanafunzi wetu wa miaka minane, aliyekuwa akijizoeza kufunga, alifuturu ilhali jua lingali likionekana juu ya migomba. Tulipomuuliza, alijibu kwa adabu: "Ustadhi, redio imeadhini." Redio hiyo ilikuwa ikirusha adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam. Mtoto yule hana dhambi, kwani hajabaleghe. Lawama ni yetu sisi, tuliomkaririsha majina ya sala tano bila ya kumfahamisha wakati wenyewe ni nini.

Jua huwachomozea watu wa mashariki kwanza, na huwazamia kwanza pia. Dar es Salaam iko mashariki yetu kwa zaidi ya digrii nane, na kila digrii moja ni tofauti ya dakika nne. Kwa hiyo hapa Kyerwa jua huzama takriban nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam, muda ambao huzidi au kupungua kwa msimu, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Na ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja nzima, ilhali jua ni hilo hilo. Saa ni makubaliano ya watu. Jua na mwezi ni alama alizoziweka Allah, na ibada zetu zimefungamanishwa na alama hizo.

Basi tuanzie hapo. Tusimike fimbo uani, watoto wapime kivuli chake. Kikishafikia ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka upande wa mashariki, Adhuhuri imeingia. Hapa kwetu ni karibu na saa saba. Kivuli kikirefuka kwa kadiri ya urefu wa fimbo, juu ya kile kilichokuwapo adhuhuri, Alasiri imeingia. Mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake hatayasahau.

Kisha tumfundishe saa. Mtoto huuona mshale mfupi kwenye 4, naye huambiwa ni saa kumi. Akichanganyikiwa, wengine wetu humkaripia. Tumweleze kuwa Waswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na kwamba saa yetu ni namba inayokabiliana na ile iliyoelekewa na mshale: 4 hukabiliana na 10, na 1 hukabiliana na 7.

Vivyo hivyo katika wiki. Waswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, ndipo ikawa Jumamosi, Jumapili, hadi Jumatano. Waarabu huanzia Jumapili, wakaiita Al-Ahad, na siku yao ya tano ni Al-Khamis. Sisi tukachukua kote kuwili, hata wiki yetu ina "tano" mbili zinazofuatana: Jumatano na Alhamisi! Mtoto anayeuliza sababu yake ni mwerevu, asichapwe.

Mwezi nao tuwapandishe watoto mlimani wautafute wenyewe, wajue kwa nini una siku 29 au 30. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, pungufu ya ule wa Miladi kwa siku kumi na moja hivi. Hili si jambo dogo. Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuwaamrishe watoto sala wakiwa na miaka saba, miaka saba ya mwezi hutimia takriban miezi miwili na nusu kabla ya ile ya cheti cha kuzaliwa. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa kwa mwezi. Na mwenye kutoa zaka kwa mwaka wa Miladi, katika kila miaka 33 hupungukiwa na zaka ya mwaka mmoja, haki ya maskini, naye akidhani ametimiza.

Ndugu wazazi, hayo yote huanzia kwa mtoto wa miaka sita. Madrasa tunaye kwa saa chache tu. Nyumbani mnaye alfajiri na magharibi. Mtoeni nje, mwonesheni mapambazuko, mwulizeni kivuli kimefika wapi. Kalenda na redio ni wasaidizi wema, lakini mtoto ajue zinasaidia nini, na ni za mji gani.

Tunamuomba Allah atubarikie umri wetu na wa watoto wetu. Wabillahi tawfiq.