Mtoto wa Saa Nne: Mahudhurio na Maisha ya Kila Siku katika Shule za Msingi za Ihumwa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya siku moja ya walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule na watendaji wa mitaa, Ihumwa, Jijini Dodoma

Walimu wakuu wenzangu: nimestaafu, lakini nadhani mtaniruhusu niendelee kuwaita hivyo.

1. Utangulizi

Barua ya mwaliko imenitaka nieleze maana ya mahudhurio, umuhimu wake, sababu za utoro, athari zake na mapendekezo. Nimepewa dakika arobaini, yaani kipindi kimoja, na nitajitahidi nisile kipindi cha mwenzangu.

Mahudhurio ni mtoto kuwepo shuleni siku ya shule. Utoro ni kutokuwepo bila ruhusa wala sababu inayokubalika. Utoro sugu mnaujua, na majina ya watoro wenyewe mnayo mfukoni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kanuni zake zinamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Tumepita kwenye Elimu ya Msingi kwa Wote iliyotokana na Azimio la Musoma la 1974, tukapita kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) na kufutwa kwa ada miaka ya 2001 na 2002, na tangu Januari 2016 tuna elimumsingi bila malipo kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Kila mara madarasa yalijaa. Watanzania, kuandikisha watoto tunaweza. Sitaeleza zaidi hapo.

2. Siku ya shule

Naomba tutembee kidogo ndani ya siku yenyewe kabla ya kuzungumzia asiyekuwepo.

Saa kumi na mbili mtoto yuko njiani na dumu la maji mkononi, mwingine na fagio. Anafika, anafagia sehemu yake, anamwagilia mti aliogawiwa, na huku kwetu mti usiomwagiliwa Julai haufiki Novemba. Rimu ya gari inagongwa, watoto wanasimama mstarini, mwalimu wa zamu anakagua kucha na sare, wanaimba wimbo wa taifa, wanaingia. Saa mbili vipindi vinaanza. Mwalimu wa darasa anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina: yupo, yupo, hayupo, yupo. Daftari linafungwa. Saa nne kengele ya mapumziko inagongwa.

Mahali hapo ndipo penye mada yangu, na yaliyotangulia yalikuwa salamu.

3. Mtoto wa saa nne

Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja, niliingia darasa la tano saa tano na nusu kumtafuta mwanafunzi aliyeitwa na babu yake. Daftari lilionyesha watoto sitini na wawili wapo. Nikahesabu vichwa. Walikuwa thelathini na wanane. Nikamwuliza mwalimu wa kipindi wengine wako wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. "Mwalimu Mkuu, si wametoka saa nne?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia mtoto huyu kila shule niliyopita, na naomba mnivumilie nikimsema kwa kirefu. Mtoto wa saa nne si mtoro, kwa kuwa jina lake limewekewa alama. Asubuhi anakuja na sare yake, anajibu "yupo", anasoma vipindi vitatu, kengele ikilia anatoka na wenzake uwanjani. Tofauti ni kwamba wenzake wanarudi darasani na yeye anakwenda zake nyumbani. Hana mkoba wa kubeba. Daftari liko kwapani. Hakuna anayemwona akitoroka, maana hatoroki: anatembea tu.

Tufanye hesabu ya darasani. Ratiba ina vipindi vinane. Anayeondoka saa nne amepata vitatu. Mwaka una siku 194 za masomo. Asipokosa hata asubuhi moja, daftari litaonyesha siku 194, asilimia mia, pengine apewe na zawadi siku ya mahafali. Ukweli ni kwamba amesoma sawa na siku 73. Mtoto aliyekosa siku 121 tungemwita mtoro sugu na mgambo angekuwa mlangoni kwa baba yake. Huyu wa kwetu tunampeleka kwenye taarifa ya robo mwaka kama mafanikio. Halafu matokeo ya darasa la nne yakitoka tunashangaa, tunaitisha kikao, tunawaambia walimu wafundishe vizuri zaidi. Wamfundishe nani saa tano na nusu?

Kwa nini anaondoka? Nimewauliza wenyewe. Jibu la kwanza, la pili na la tatu ni njaa. Ametoka nyumbani bila kitu, au na kiporo cha ugali wa uwele kilichoishia njiani. Saa nne mwenye shilingi mia ananunua kashata au kipande cha muhogo pale getini, asiye nayo anaangalia. Kukaa mpaka saa nane na nusu bila kitu tumboni, katika jua la Dodoma, ni kazi ambayo hata nyinyi wanasemina msingeiweza. Ratiba ya leo ina chai saa nne, na nimeona jinsi mnavyoitazama saa.

Jibu la nne ni mbuzi, nalo limebadilika katika miaka yangu. Zamani mtoto wa Kigogo alisoma asubuhi, jioni akapokea mifugo karibu na nyumba. Uamuzi wa kuhamishia Serikali Dodoma ulipotekelezwa kuanzia 2016, na Mji wa Serikali ukazinduliwa jirani hapo Mtumba Aprili 2019, mashamba na malisho yetu yakapimwa yakawa viwanja. Dodoma Mjini ilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Ihumwa iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, reli inapita, barabara ya mzunguko inapita. Sisemi ni vibaya. Nasema mbuzi hawakupewa kiwanja. Sasa wanapelekwa mbali, na mchungaji wa mbali hawezi kuanza safari saa tisa alasiri. Anaanza saa tano. Na dada yake anaondoka saa nne kwa sababu mama amepata kibarua cha kubeba maji kwenye nyumba inayojengwa, na kuna mtoto mchanga wa kushikwa.

Lipo jibu la tano, ambalo watoto walinipa kwa sauti ndogo. Anayechelewa kurudi baada ya mapumziko anachapwa. Kwa hiyo aliyekwenda mara moja nyumbani kutafuta chochote, akaona muda umepita, hufikiri kama mtu mzima: nikirudi fimbo, nisiporudi daftari limeshafungwa. Kanuni za viboko tunazo, zinasema vingapi na nani mwenye idhini, na hazikuandikwa kwa ajili ya kumkaribisha mchelewaji kwa fimbo getini. Nitaishia hapo kwa sababu wapo humu wanaohusika.

4. Kwa nini daftari halisemi kweli

Nazungumza kwa uangalifu. Mwalimu hadanganyi, alama aliyoweka saa mbili ilikuwa ya kweli saa mbili. Utaratibu tuliofundishwa vyuoni ni kuita majina asubuhi na tena baada ya mapumziko. Wangapi tunafanya? Darasa lina watoto tisini, kuita majina kunachukua robo ya kipindi, na mwalimu ana madarasa matatu. Naelewa. Nami nilifanya hivyo hivyo mpaka nilipohesabu vichwa.

Ila kuna jambo zaidi. Daftari limebebeshwa mizigo isiyo yake. Mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini ulianza kujaribu masharti ya elimu na afya mwaka 2010 katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na jirani zetu wa Chamwino, kabla ya kuenea nchini. Sharti la shule ni mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Ni sharti jema na limerudisha watoto wengi darasani, nimewaona. Lakini fikiria mwalimu ameshika fomu, mbele yake yuko bibi analea wajukuu wanne, na anajua kwamba alama mbili tatu zikipungua ruzuku ya bibi inaguswa. Utaandika nini? Nami sitakuuliza. Na hata ukiandika kweli tupu, mtoto wa saa nne ametimiza sharti bila wasiwasi. Kwa hesabu ya siku yuko juu ya 80. Kwa hesabu ya vipindi yuko chini ya 40. Sharti halimwoni, kama sisi tusivyomwona.

5. Debe moja

Chakula cha mchana kinajulikana kuwa dawa ya mtoto wa saa nne. Miaka ya 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoleta uji na chakula katika shule za mikoa yenye ukame, Dodoma ikiwemo, kengele ya saa nne ilikuwa kengele ya kupanga foleni na sahani. Mradi ulipoondoka, sufuria zilibaki stoo. Shule fulani hutumia moja yao kuhifadhia chaki.

Baadaye tukaingiwa na hofu. Januari 2018 lilitoka agizo la kupiga marufuku michango shuleni, na walimu wakuu wengi, mimi nikiwa mmojawao, tulifunga jiko la michango siku hiyo hiyo kuliko kujieleza. Maelekezo yaliyofuata yaliweka wazi kwamba wazazi wanaweza kukubaliana wenyewe kwenye mikutano yao kuchangia chakula, mradi mwalimu asikusanye na mtoto wa asiyechangia asifukuzwe. Hofu haikuondoka haraka kama ilivyokuja.

Sasa sikilizeni kosa letu kubwa, na nimelisema kwenye vikao vingi hadi baadhi yenu mnalijua kwa moyo. Mkutano wa wazazi wa kuchangia chakula tunauitisha Januari, shule inapofunguliwa. Januari Dodoma! Ghala ni tupu, watu wamo shambani wanapalilia, debe la mahindi liko kwenye bei ya juu kuliko mwezi wowote. Mzazi anayeombwa nafaka Januari hawezi kusema ndiyo, na si kwamba hapendi elimu. Mtu huyo huyo muulize Juni, uwele na mtama vikiwa vimepurwa, atakupa debe huku anacheka. Ruzuku ya uendeshaji haiwezi kuliziba pengo hilo: ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni vitabu. Hata tungeitumia yote kwa chakula, ni kama shilingi 51 kwa siku ya masomo.

Gramu mia moja za nafaka kwa mtoto kwa siku, mara siku 194, ni kilo 19 na kidogo. Hilo ni debe moja. Debe moja kwa mtoto kwa mwaka, linalokusanywa wakati lipo.

6. Mapendekezo

(i) Majina yaitwe mara mbili, saa mbili na baada ya mapumziko. Darasa likiwa kubwa, kiongozi wa kila dawati ahesabu dawati lake na mwalimu ahakiki. Dakika tatu zinatosha.

(ii) Taarifa ya shule kwenda kata iwe na safu mbili, asubuhi na mchana. Afisa Elimu Kata asipokee yenye safu moja.

(iii) Mkutano wa wazazi wa chakula uhamishwe kutoka Januari kwenda Juni. Kama hakuna lingine litakalotekelezwa, naomba hili litekelezwe.

(iv) Mchango uwe nafaka yoyote aliyovuna mzazi, si lazima mahindi. Uji wa uwele umetulea sisi sote humu ndani. Waliohamia na wasiolima wachangie kuni, chumvi, sukari au fedha, kupitia kamati, kwa stakabadhi.

(v) Mwalimu asishike nafaka wala fedha ya chakula. Narudia, mwalimu asishike. Kamati ishike, mtendaji wa mtaa ahakiki, na hesabu ibandikwe ubaoni kila mwezi.

(vi) Nafaka itunzwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Niliona magunia kumi na moja yakigeuka unga wa dumuzi mwezi Oktoba, na wazazi wale hawakuchangia tena miaka miwili.

(vii) Mtoto ambaye mzazi wake hajachangia ale. Mzazi afuatwe na wazazi wenzake.

(viii) Fimbo ya kuchelewa baada ya mapumziko ikome.

(ix) Watendaji wanapomtoza mzazi faini ya utoro, wasimtoze kwa mbuzi. Baba aliyepoteza mbuzi wawili humrudisha mtoto machungani kulinda waliobaki. Nimeliona mara tatu.

(x) Wafugaji wa mtaa wakubaliane kuchunga kwa zamu, watu wazima wawili kwa siku kwa mifugo ya kaya kumi. Wazee wanasema zamu hiyo ilikuwepo zamani.

(xi) Halmashauri, inapopima viwanja, ikumbuke njia za mifugo na umbali wa shule. Natambua kwamba jambo hili liko juu ya uwezo wa semina hii na nimeliweka kwa heshima.

(xii) Mkutano wa wazazi uwe Juni. Najua nimeshalisema.

Ndugu Mwenyekiti, nimeandaa nakala arobaini za karatasi ya mahudhurio yenye safu mbili, ziko kwa katibu pale mlangoni. Naomba kila mwalimu mkuu achukue moja kabla ya kwenda chai, na kesho saa tano na nusu aingie darasa la tano la shule yake akahesabu vichwa.