Haidrojeni Ndani ya Unga wa Metali

Msikilizaji, kilo moja tu ya haidrojeni, ikiachwa huru, hujaza mita za ujazo kama 12: chumba kidogo cha kulala, basi. Ndiyo maana magari yanayoitumia huishindilia mitungini kwa mgandamizo wa takriban mara 700 ya ule wa hewa tunayovuta.

Sasa sikiliza njia nyingine. Magnesiamu ni metali nyepesi, na unga wake huinywa gesi hiyo hadi asilimia 7.6 ya uzito wote. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Dresden, Ujerumani, walitangaza uji mzito wa kijivu uliotengenezwa kwa unga kama huo, kwa ajili ya pikipiki ndogo. Unabadilisha kopo, unajaza maji ya kuitoa gesi, unaondoka. Hakuna mtungi wa kutisha chini ya makalio.

Lakini kwa upande wa pili, unga mkavu hauiachi gesi mpaka upashwe joto la nyuzi 300 hivi. Uji nao ukishatumika umetumika. Kuyageuza mabaki yake kuwa magnesiamu tena hula nishati nyingi. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye mfupa.

Je, nishati hiyo itatoka wapi, na bili yake atalipa nani?