Furaha ya Njiani



Nimetakiwa kusema nanyi maneno machache katika jubilei hii. Wenzangu wamekwisha kusema habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, nao wamesema vema. Mimi nimechagua jambo dogo. Nataka kusema habari ya furaha ile imjiayo mtu asipoitazamia, kisimani, njiani, chini ya mwembe, kwa kukutana tu na mtu asiyemjua. Na mbele kidogo nitaungama kosa langu, kwa maana bila kosa hilo nisingekuwa na neno la kuwaambia.

Sisi wa Tabora ni watu wa njiani. Mji wetu haukusimama hapa kwa ajili ya mto mkubwa wala bahari. Ulisimama kwa sababu njia zilikutana. Moja ilitoka Bagamoyo, moja ilikwenda Ujiji, moja ilipanda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walipofika hapa mwezi wa Novemba mwaka wa 1857, walikuwa wamekwisha kutembea zaidi ya miezi minne tangu pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka wa 1912, safari ile ikawa ya siku za kuhesabu kwa vidole. Lakini kabla ya reli, mizigo yote ilipita mabegani mwa watu, na watu hao wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Mtu alibeba frasila mbili, ndiyo kilo thelathini na zaidi, nguo na ushanga akija bara, pembe za ndovu akienda pwani, na juu yake mkeka wake, na chungu chake, na chakula chake.

Basi Burton aliandika kitabu cha safari ile, kikapigwa chapa mwaka wa 1860. Si mtu aliyetupenda sana. Mara nyingi katika kitabu kile hutusema kwa dharau, nami sifichi kwamba kurasa nyingine zilinikasirisha. Lakini macho alikuwa nayo. Asimulia kwamba misafara miwili ya Wanyamwezi ikikutana katika njia nyembamba, kirangozi wa huku na kirangozi wa huku walisogeleana kwa madaha, hatua ndefu, wakitazamana kwa pembe ya jicho. Halafu kwa ghafula wote wawili waliinama wakapigana vichwa kama kondoo dume. Papo hapo wapagazi wote nyuma yao wakafanya vivyo hivyo, wakasukumana na kubanana hata mgeni angedhani vita imekwisha kuanza. Na kama hapakuwa na kisasi cha zamani kati yao, mambo yakaisha kwa kicheko kikubwa. Wale walioshindwa wakawapisha wenzao, wakatoa na zawadi ndogo.

Nalisoma habari hiyo mara ya kwanza nilipokuwa kijana shuleni, nikaipita kama mchezo wa watu wasio na akili. Sasa nina miaka arobaini na kitu, nami nairudia mara nyingi. Fikirini: mtu ana mzigo begani, ana malengelenge miguuni, maji ya kisima kijacho hajui kama yapo. Anakutana na watu asiowajua ambao labuda hatawaona tena mpaka kufa. Ndipo anapokumbuka kucheza!

Msidhani nasema njia ile ilikuwa ya furaha tu. Ndiyo njia waliyopita watu waliofungwa minyororo na kongwa shingoni, waliouzwa kama vitu, na wengi walianguka porini wasizikwe. Hata jina la Bagamoyo watu hulifasiri namna mbili: wengine husema ni mahali pa kubwaga moyo, mpagazi akapumzika baada ya taabu, wengine husema ni mahali mtumwa alipoacha moyo wake asiuone tena. Mimi sitaki kuchagua kati ya hayo mawili. Njia ilikuwa moja, na wote wawili walikanyaga vumbi lile lile.

Tena katika mambo makubwa ya njia ile, mimi hutazama jikoni. Kila mtoto wa shule anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji mwaka wa 1871. Dunia yote imelishika neno moja la salamu waliyosalimiana. Lakini Stanley mwenyewe aliandika na habari ya Halima, mpishi wa yule mzee. Alitoa kichwa mlangoni mwa jiko apate kuhakikisha kwamba kweli wamekuwa Wazungu wawili, naye alikuwa katika furaha na wasiwasi pamoja, maana mgeni amefika na chakula cha kumpa hana hakika nacho. Majirani Waarabu wakaleta sahani, huyu kuku wa mchuzi, huyu nyama ya mbuzi na wali. Na yule mzee, ambaye alikuwa dhaifu na hamu ya kula imemtoka, akala. Mfuko wa barua zake ulikuwa magotini pake, barua za watu wa kwao alizozingojea muda mrefu, naye hakuona haraka ya kuzisoma zote. Alifungua moja mbili za watoto wake, kisha akataka kwanza kusikia habari za ulimwengu kwa kinywa cha mtu. Baadaye walikuja pamoja hata kwetu hapa Kwihara, na mwezi wa Machi 1872 wakaagana, wasionane tena. Mimi nikiisoma habari hiyo, katika wote namwona Halima, na mwiko mkononi.

Sasa nije kwa urithi ambao wapagazi wale walituachia. Pembe zilikwenda, nguo zilichakaa, tembe nyingi zimeanguka. Lakini utani upo. Wazee husimulia kwamba Wanyamwezi walipokuwa wakipita nchi ya Wazaramo kwenda pwani na kurudi, walipigana, wakapatana, wakahitajiana kwa maji na chakula na malazi, na mwisho wakawa watani. Mtani wako anaweza kukutukana nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuchukua kuku wako mchana mbele ya macho yako. Naye ukipatwa na msiba ndiye atakayechimba kaburi, akakuchekesha wewe mfiwa hapo hapo kilioni, kisha akudai ujira wake. Mtoto wa Tabora akishuka kwenye treni Dar es Salaam, hamjui mtu hata mmoja, lakini akimpata Mzaramo amepata mtu wa kumtukana, yaani amepata ndugu.

Hapa ndipo penye kosa langu. Nilipokuwa katekista mpya, nilikuwa na ukali mwingi. Niliona kwamba maziko ni jambo zito, na kwamba mzaha wa watani ni aibu mbele ya maiti. Nikawakataza watu. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Niliyatoa kichwani mwangu mwenyewe, nikadhani ni bidii. Siku moja katika kijiji kimoja alikufa mzee wa watu, na akaja bibi mmoja Mzaramo, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyebaki huku kwetu tangu ujana wake. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama alivyochechemea marehemu, na watoto wake wale waliofiwa wakaanza kucheka huku machozi yakiwatoka. Nalimkemea mbele ya watu wote. Nikamvua kofia ile kwa mkono wangu. Yule bibi akanitazama, hakujibu neno, akaenda zake. Maziko yakaendelea kimya kama nilivyotaka, nami nikarudi nyumbani na baiskeli yangu nikijiona nimefanya kazi njema.

Miaka minne ikapita. Baba yangu akafa, wakati wa masika. Alikuwa mrina asali, mtu wa porini, maneno machache. Mama yangu alipoambiwa kwamba pumzi imekatika, alikaa chini penye ukuta akanyamaza. Hakulia, hakunywa hata uji. Usiku ukapita hivyo, na asubuhi ikaja hivyo, nami nilikuwa nikikimbia huku na huku, mbao za jeneza, fedha ya sanda, wageni wa kulazwa. Sikuwa nimeketi hata mara moja.

Karibu saa nne akatokea mtu njiani ambaye hatumjui. Alikuwa na madebe matupu sita yamefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli, yakilia kama ngoma. Alikuwa ameelekezwa mjini kwamba katika kijiji chetu yuko mzee mwenye asali nzuri, akaja kununua. Alipoona watu wamejaa uani akashuka, akauliza polepole mlangoni, "Nani amefariki?" Akaambiwa, mwenye asali. Akauliza tena, "Mnyamwezi?" Akaambiwa, "Mnyamwezi."

Basi yule mtu akayatupa madebe yote chini kwa kishindo, akapaza sauti: "Haya! Mnyamwezi huyu amekimbilia ardhini asinipe asali yangu! Mimi Mzaramo, nimetoka pwani, natakaje?" Akapita katikati ya watu hata mbele ya mama yangu, akachuchumaa. "Mke wangu," akamwambia, "usihuzunike. Mumeo ameondoka, lakini mimi nimekwisha kufika, na madebe ninayo."

Watu wote wakanigeukia mimi. Walijua katazo langu. Wengine walikuwapo siku ile ya bibi. Nalikuwa nimesimama na kitabu cha sala mkononi, kinywa kimekauka. Kabla sijapata neno, nikasikia sauti ya mama yangu.

"Mzaramo wewe," alisema, "tangu lini ukaweza kulisha mke? Babu zako walikula makombo ya wapagazi wetu."

Kisha akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia kile kilio ambacho kilikuwa kimekataa kutoka tangu usiku, na wanawake wakamshika, naye akaomba maji.

Yule mtani akaenda pamoja na vijana kuchimba. Walipomaliza alijilaza ndani ya kaburi, akasema kwamba pamebana, marehemu atalalamika, naye hatoki mpaka alipwe. Nikaenda mwenyewe bandani, nikamkamata jogoo, nikamshusha mtu yule mle kaburini kwa mkono wangu. Akampokea, akamtazama, akasema amekonda kama katekista. Hata mimi nilicheka.

Baada ya maziko nikamwona ameketi chini ya mwembe, jogoo amefungwa miguu kando yake. Nikaketi kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Hakutania tena. Akauliza tu, "Mzee alikuwaje?"

Ndugu zangu, katika siku zile mbili watu wengi walikuwa wameniuliza mambo: jeneza ni la bei gani, mchele utatosha, padre atafika saa ngapi. Hakuna aliyeniuliza hilo. Nikamwambia jinsi baba alivyokuwa akigonga mzinga kwa kidole, kisha akalaza sikio juu yake na kufumba macho, akajua kama nyuki wamo na kama wametulia. Nikamwambia kwamba nilipokuwa mtoto nililaza sikio langu upande wa pili wa mzinga ule ule, tukasikiliza wote wawili pasipo kusema neno. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo miaka mingi. Lilirudi kwa ajili ya mtu mwenye madebe. Sijui kama tulikaa nusu saa au zaidi. Jua lilipungua, akajaza madebe mawili kwa asali iliyokuwamo nyumbani, akalipa, maana biashara haina utani, akaniaga akiniita mwanangu, ingawa naamini nampita kwa miaka kumi. Jina lake sikuuliza. Akashika njia ya mjini.

Wiki iliyofuata nikapanda baiskeli nikaenda katika kijiji kile kingine. Nilikuta yule bibi angali hai, ameketi kivulini anamenya karanga. Nilikuwa nimetengeneza maneno ya kuomba radhi njia nzima, maneno mazuri ya kitabuni. Nikasimama mbele yake nikasema, "Mwangaluka, bibi." Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kunifukuza na hapa kwangu pia?"

Maneno yote yakanitoka. Nikamwambia baba yangu amekufa, na mtani alikuja.

"Alichukua nini?"

"Jogoo."

"Jogoo mmoja?" akasema. "Huyo si Mzaramo, ni mtoto. Mimi ningalichukua na baiskeli."

Akasogeza ungo ukawa kati yetu, akaniashiria kwa kidevu. Nikaketi chini, nikaanza kumenya.