Mfiwa Apewe Pia Karatasi na Rangi

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya wajane na wafiwa)



Sisi tunaotembelea wafiwa twajua desturi zetu. Mtu akifa, majirani hujaa bomani, chai hupikwa, mchango hutolewa, watu hulala matangani. Baada ya mazishi kila mtu hurudi kwake. Ndipo mjane huanza kuona usiku ni mrefu. Akilia aambiwa, "Jikaze mama, una watoto." Baba naye aambiwa mwanaume halii. Basi wote wananyamaza. Lakini kunyamaza si kupona. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Vikundini tumezoea kusema, "Haya, tueleze yaliyokupata." Wengine hawawezi. Aliyeona jambo la kutisha, kama mauaji au moto, mara nyingi hulikumbuka kwa picha, harufu na sauti, maneno hayaji. Kwa hivyo twawaomba mjaribu njia nyingine pia: kuchora, kufinyanga udongo, kushona.

Tutazame nchi ya Chile. Tarehe 11 Septemba 1973 wanajeshi walipindua serikali. Watu wengi walikamatwa, na zaidi ya elfu moja hawakuonekana tena. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Toka mwaka 1974, mjini Santiago, wake na mama zao walikutana chini ya ulinzi wa makanisa, wakashona picha juu ya vitambaa vya gunia. Picha hizo ziliitwa arpilleras. Wengine walitumia vipande vya nguo za hao waliopotea. Mikono ikishona, midomo nayo ilifunguka kidogo kidogo. Tena kazi hizo ziliuzwa ng'ambo: wakapata chakula cha watoto, na dunia ikajua yaliyotendeka.

Kumbe hata kwetu si jambo geni. Akina mama wakisuka vyondo pamoja, mambo mazito husemwa bila mtu kutazamwa usoni.

Tufanyeje basi?

1. Tuwe na karatasi na kalamu za rangi. Zikikosekana, kipande cha mkaa chatosha.

2. Tuseme wazi kwamba huu si mtihani. Hakuna picha mbaya, hakuna alama.

3. Tusimlazimishe mtu kuchora siku ile ya msiba. Achore anachotaka, hata kama ni kuku wake tu.

4. Tusimfasirie mtu picha yake. Rangi nyeusi si lazima iwe huzuni. Tuulize, "Ungependa kutueleza?" Akikataa, tumshukuru.

5. Picha ni mali yake. Isitundikwe ukutani wala kuonyeshwa wageni bila ruhusa yake. Akitaka kuichoma, aichome.

6. Tujue mpaka wetu. Sisi si madaktari. Mtu asiyelala wala kula kwa majuma mengi apelekwe hospitali. Asemaye anataka kujiua apelekwe upesi, wala asiachwe peke yake njiani.

Tusiahidi kwamba picha itamaliza uchungu. Itampa mfiwa mahali pa kuuweka kwa muda, mbele ya watu wasiomwambia ajikaze.

Sasa tugawane karatasi, tuanze sisi wenyewe. Hatuwezi kumwomba mfiwa afanye jambo ambalo sisi tumeliogopa.