Besi niliyoiunda, na mlio nisiousikia

(Haya ni mazungumzo ya fundi seremala na wanafunzi wa klabu ya muziki ya sekondari.)

Wale wa mbele, mkiona napiga kelele mno, mniambie. Baadaye mtaelewa kwa nini.

Mimi ni seremala. Mchana natengeneza vitanda na makabati. Ijumaa na Jumamosi usiku napiga besi kwenye bendi ya dansi. Leo sikuja kuwahubiria. Nimekuja kuwaonyesha hii hapa: besi niliyoiunda mwenyewe, kuanzia ubao mpaka uzi wa mwisho. Ishikeni, pitisheni kwa mwenzako. Taratibu lakini!

Nilifuata mtindo wa zamani. Mwaka 1951, huko Fullerton, California, Marekani, fundi wa redio aliyeitwa Leo Fender alitoa besi ya umeme iliyoitwa Precision Bass. Kabla ya hapo wapiga besi wengi walikuwa wanahangaika na lile fidla kubwa la kusimama, refu kuliko mtu. Kulibeba ni taabu, na dramu zikichanganya, halisikiki. Besi ya Fender ilivaliwa begani kama gitaa. Tena ilikuwa na freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ili kidole kipate sauti sahihi. Ndiyo maana ya hilo jina: usahihi.

Ajabu ni kwamba Fender mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Tena alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza akiwa na miaka minane kwa sababu ya uvimbe. Lakini alijua kuwasikiliza wanamuziki. Miaka iliyofuata, James Jamerson wa studio ya Motown kule Detroit alipiga Precision ya mwaka 1962 kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na nyimbo zake zikazunguka dunia.

Basi, kazi yenyewe iko hivi. Ile ya 1951 ilikuwa rahisi: mwili bapa usiochongwa mbavu, pikapu moja, vifundo viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha kuifanya iwe nyembamba au nzito. Wao walitumia mbao za kwao. Mimi nilitumia mninga kwa sababu ndio niliokuwa nao karakanani.

Kazi ngumu ni shingo. Urefu wa uzi, kutoka pale unapoanzia juu mpaka kwenye daraja, ni sentimeta 86.4. Gawanya kwa 17.817, unapata milimita 48.5. Hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Urefu uliobaki unaugawanya tena kwa namba ileile, unapata nafasi ya freti ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hesabu zako zikiwa sawa, freti ya 12 itaangukia katikati kabisa, sentimeta 43.2. Anayesema hesabu hazina kazi mtaani, aje nimpe msumeno!

Nyuzi nne zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Kwa hiyo ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuizuia isipinde. Na pikapu? Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Fizikia ileile mnayosoma darasani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wakati wa kupiga msasa nilijifungia ndani ya chumba, madirisha nimeyafunga, eti vumbi lisiende kwa majirani. Wiki nzima nikakohoa, kifua kinabana kama nimefungwa mkanda. Nilidhani ni mafua. Kumbe ni mninga! Vumbi la mbao si la mchezo. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliandika kwamba linaweza kumletea mtu saratani ya pua. Siku hizi napiga msasa nje, navaa barakoa inayobana vizuri usoni, na namwagia maji kidogo kabla ya kufagia. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini. Na ukichoma waya kwa solda yenye risasi, usivute ule moshi, na unawe mikono kwa sabuni kabla hujashika andazi.

Lakini kifua kilipona. Lililonileta hapa ni jingine.

Siku nilipokaza nyuzi, nilimwita binti wa dada yangu, yuko Kidato cha Pili. Nikapiga, nikajisikia kama mfalme. Yeye akakunja uso.

“Mjomba, uzi huu unakwaruza.”

“Wapi?”

“Kwenye freti ya tano. Huusikii? Unalia zzz.”

Nikapiga tena. Nikainamisha kichwa. Sikusikia kitu. Nikamwambia anatania. Akanijibu kwa adabu tu, “Hapana, mjomba, unalia.” Akashika kidole changu, akakiweka juu ya freti. Kweli, nikausikia mtikisiko kwa kidole. Kwa sikio, hakuna.

Nilikwenda hospitali, wakanipima kwa mashine. Sauti nzito nasikia vizuri. Zile nyembamba zimenipotea, hasa sikio la kushoto, upande ninaosimama karibu na sahani za dramu. Daktari akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia: mchana msumeno wa umeme na mashine ya randa, usiku jukwaa. Akatikisa kichwa.

Alinieleza hivi. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvivunja, na vikifa haviwezi kuota tena. Kwa kawaida vinavyotangulia kufa ni vya sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu hajui mapema. Anasikia besi, anasikia watu wakiongea, anadhani yuko salama. Dawa ya kurudisha kilichopotea hakuna.

Akanipa na hesabu. Kelele ya desibeli 85, mtu anaweza kuivumilia kwa saa 8 kwa siku. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda unapungua nusu. Ikifika 100, umebakiwa na dakika 15. Sasa jiulize, dansi lenu la Jumamosi linachukua dakika 15?

Huna mashine ya kupima? Tumia mdomo wako. Kama inabidi upaze sauti ili rafiki aliye hatua moja mbele yako akusikie, kelele imezidi. Ukitoka kwenye dansi masikio yanavuma, hilo ni onyo, usicheke nalo. Usisimame mbele ya spika. Toka nje mara kwa mara, upumzishe masikio. Hedifoni za simu nazo zipunguze. Pamba haisaidii sana. Tafuta vizibo vya masikio, vile vya sponji. Bei yake ni ndogo kuliko ya seti moja ya nyuzi za besi.

Wenzangu kwenye bendi walinicheka nilipoanza kuvaa vizibo. Mpiga dramu ndiye aliyecheka zaidi. Mwezi uliopita alinivuta pembeni, akaniuliza polepole, “Ndugu, vile vyako ulinunua wapi?”

Ile freti ya tano niliisawazisha kwa tupa. Mimi nasugua, binti yetu anasikiliza. Ananiambia, “Bado, mjomba. Bado. Basi, hapo hapo.” Sasa besi iko safi, yeye ndiye aliyeithibitisha, si mimi. Siku hizi kila kazi ya mwisho anaisikiliza yeye, na nimeanza kumfundisha kushika patasi.

Haya, nani anataka kuijaribu? Njoo. Amplifaya tutaiweka chini, na nyinyi wengine mnyamaze mumsikilize. Mkisikia uzi unakwaruza, mniambie.