Fungeni Vizuri Waya wa Ethi

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima na madereva na mafundi wa Kidahwe)



Mwezi uliopita gari la matangazo lilipita hapa Kidahwe kutangaza siku ya chanjo ya watoto. Wengine tulisikia Jumatatu, wengine Jumatano. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga mluzi. Dereva akikanyaga mafuta, mluzi nao unapanda. Akina mama kadhaa walileta watoto wakati chanjo imekwisha pita. Watu wakasema spika imekufa. Kumbe spika ilikuwa nzima! Kosa lilikuwa kwenye waya wa ethi.

Umeme wa gari hutoka kwenye betri, hufanya kazi, halafu lazima urudi kwenye betri. Tazameni mtumbwi wa mbao kule Ujiji. Taa ya kuvulia dagaa inayowashwa kwa betri ina nyaya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, maana mbao haipitishi umeme. Lakini gari ni chuma. Upande wa hasi wa betri umefungwa kwenye bodi, na bodi lenyewe ndilo njia ya kurudi. Waya wa kutoka kwenye redio au amplifaya kwenda kwenye bodi ndio waya wa ethi. Usidhani unakwenda ardhini. Matairi ni mpira!

Tufanye hesabu kidogo. Amplifaya ikitumia wati 120 kwenye betri ya volti 12, gawanya: ni ampia 10. Zikienda 10, zirudi 10. Sasa utaona waya wa kwenda ni mnene, wa kurudi mwembamba, tena umebanwa kwa skrubu ndogo juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kutu nayo ni hivyo hivyo. Njia ikiwa mbaya, umeme mwingine hupitia kwenye waya wa sauti, pamoja na kelele za mashine ya kuchaji betri. Hapo ndipo mluzi unapozaliwa. Na mahali palipolegea hupata moto. Plastiki ya waya inaweza kuyeyuka, hata gari likaungua.

Basi tutengeneze. Kwanza fungua waya wa hasi kwenye betri. Tafuta chuma kinene cha bodi, karibu na amplifaya. Waya usizidi nusu mita. Piga msasa mpaka chuma king'ae. Waya wa ethi uwe mnene sawa na ule wa kwenda. Funga kwa bolti na nati, kaza kwa spana, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Redio na amplifaya zifungwe ethi mahali pamoja. Waya wa sauti upite upande mmoja wa gari, waya wa betri upande mwingine. Na waya wa kwenda uwe na fyuzi karibu na betri. Bila fyuzi mimi sikubali.

Mwenye mita apime. Redio ikiwa inapiga kwa nguvu, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya amplifaya. Ukisoma volti 0.1 au chini yake, ni vizuri. Ukisoma 0.5, fungua upige msasa tena. Njia zetu za vumbi hulegeza nati, kwa hiyo zikaze kila unapobadilisha oili.