Pointi za Permi na Asiransi ya Motokari: Tuwaambie Watoto Wetu wa Uingereza Waseme Kweli

Maongezi ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Bukavu



Leo komite haitaongea juu ya mbegu wala juu ya paa la ofisi. Tutaongea juu ya motokari zilizo mbali na sisi, kule Uingereza. Mtu anaweza kuuliza: hiyo inatuhusu nini siye tuliokwisha kurudi nyumbani? Inatuhusu sana. Pesa nyingi inayoingia katika sanduku ya chama inatoka kwa watoto wetu na wandugu zetu waliobaki kule. Wengi wao wanaishi kwa motokari: huyu anahudumia wazee nyumba kwa nyumba, huyu anasafisha ofisi usiku wakati basi hazijaanza kutembea, mwingine anapeleka vifurushi. Siku motokari inasimama, kazi inasimama. Kazi ikisimama, minervali ya mtoto hapa Bukavu inasimama pia.

Kuna sababu ya pili. Mtoto akipata shida kule, anapigia simu nani? Anapigia baba, anapigia mama, anapigia mjomba. Na siye huku tunamjibu haraka: "Nyamaza tu. Usiwaambie. Nani atajua?" Wandugu, shauri hilo tunalitoa kwa upendo, lakini linaweza kumtupa mtoto shimoni.

Tuelewane kwanza pointi ni nini. Kule, mtu akivunja sheria ya barabara, pamoja na faini anaandikiwa pointi juu ya permi yake. Kukimbiza motokari kupita kiasi, kosa linaloandikwa SP30, kunaleta pointi 3 na kwa kawaida faini ya pauni 100. Ikifika mahakamani pointi zinaweza kufika 6. Kushika simu mkononi ukiendesha, CU80, ni pointi 6 na pauni 200. Kuendesha bila asiransi, IN10, ni pointi 6 hadi 8, na polisi wanaweza kuchukua motokari palepale. Mwenye kufikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 anaweza kukatazwa kuendesha. Na kijana aliyepata permi yake ya kwanza, akifikisha pointi 6 kabla ya miaka 2 kutimia, permi inafutwa, anaanza tena mtihani tangu mwanzo. Simu moja tu mkononi inatosha kumfikisha hapo.

Sasa, asiransi. Kila mwaka kampuni inamuuliza mwendeshaji maswali kabla ya kumpa bei. Swali moja karibu halikosi: katika miaka 5 iliyopita, ulipata pointi ao hukumu ya barabara? Hapo ndipo watu wanateleza. Mwenye pointi anajua bei itapanda. Anaandika "hapana", bei inabaki chini, anafurahi.

Tuseme wazi kwa nini siye tunaona hiyo si kitu. Tumekulia mahali ambapo asiransi ni karatasi ya kuonyesha polisi barabarani. Ukiwa nayo, unapita. Na mtu wa serikali akikuuliza maswali, jibu refu linakuletea hasara. Kunyamaza kulitukinga wengi wetu wakati wa taabu. Hatuwezi kuchekana juu ya hiyo. Lakini desturi iliyomkinga mtu hapa inaweza kumuumiza kule, kwa sababu jibu la swali wanalo tayari.

Wanalo namna gani? Permi zote za Uingereza zinawekwa katika ofisi moja inayoitwa DVLA, iliyo Swansea. Pointi zinaandikwa huko, si juu ya karatasi ya mtu. Ile karatasi ya zamani iliyofuatana na kadi ya permi haina nguvu tena tangu Juni 2015. Na tangu 2014 kuna njia ya makampuni ya asiransi kuingiza namba ya permi na kuona pointi zenyewe. Kwa hiyo anayesema "nani atajua?" anauliza swali lililokwisha kujibiwa.

Wengine watasema: mbona kampuni imepokea pesa na kunyamaza mwaka mzima? Kweli, mara nyingi inanyamaza. Siku ya ajali ndiyo inafungua dosie. Na hapo sheria inatofautisha watu wawili. Ni sheria ya 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013. Inasema mteja ana kazi ya kujibu maswali kwa uangalifu unaofaa.

Mtu wa kwanza ni yule aliyekosa bila nia mbaya, kwa kutoangalia vizuri. Kwa huyo, kampuni inaangalia ingefanya nini kama ingejua kweli. Tuchukue mfano. Alilipa pauni 600, lakini kwa pointi zake angelipa 800. Amelipa robo tatu ya bei, basi anaweza kupewa robo tatu ya malipo. Motokari yake imeharibika kwa pauni 4,000: anapata 3,000, na 1,000 anajitafutia. Lakini kama kampuni isingempokea hata kidogo, inaweza kufuta mkataba, ikamrudishia pesa aliyolipa na kuacha kumlipa.

Mtu wa pili ni yule aliyejua na akadanganya. Kwa huyo kampuni inaweza kufuta mkataba tangu siku ya kwanza, ikakataa kulipa, na ikabaki na pesa yake. Tena, kutoa maneno ya uongo ili upate cheti cha asiransi ni kosa la sheria kule, mtu anaweza kupelekwa mahakamani.

Na yule aliyegongwa? Sheria ya kule inamlinda. Mara nyingi kampuni italazimika kumlipa, halafu inaweza kumgeukia mwendeshaji na kumdai. Motokari ya mtu mwingine, hospitali, mishahara aliyoikosa: deni la namna hiyo halilipwi kwa mwezi mmoja. Na tangu siku hiyo, kila kampuni itamuuliza: umewahi kufutiwa asiransi? Akijibu ndiyo, bei inapanda sana ao mlango unafungwa. Ndiyo maana tunasema: nyongeza ya bei juu ya pointi 3 inauma, lakini ni maumivu yenye mwisho.

Sasa tuongee juu ya miaka, maana wengi wanachanganya. Kwa makosa mengi, pointi zinakaa juu ya permi miaka 4. Kwa hesabu ya zile 12, zinahesabiwa miaka 3. Lakini swali la asiransi ni miaka 5. Kwa hiyo mtu anaweza kuangalia permi yake, aone imekuwa safi, aandike "hapana", kumbe bado mwaka mmoja. Kule Uingereza na Wales, miaka 5 ikiisha, kosa la pointi linahesabiwa limepita, na hana lazima ya kulitaja tena. Asome swali vizuri: linauliza tangu siku ya kosa, ao tangu siku ya hukumu?

Wale wanaopelekwa kwenye somo la mwendo badala ya pointi: somo hilo si hukumu, na halileti pointi. Wakiulizwa juu ya pointi na hukumu tu, hawana cha kutaja. Lakini kampuni ikiuliza hasa juu ya somo lenyewe, wajibu kweli.

Na mwenye kupata pointi katikati ya mwaka? Asome mkataba wake. Mingine inasema ajulishe palepale, mingine inangojea siku ya kuanza mwaka mpya. Siku hiyo kampuni mara nyingi inatuma barua yenye majibu ya zamani na kusema: angalia kama bado ni kweli. Wengi hawafungui barua hiyo. Wandugu, kutoijibu kunaweza kuhesabiwa kama uongo. Kunyamaza nako ni jibu.

Kuna mambo matatu yanayotugusa siye tuliorudi.

La kwanza: kurudi nyumbani hakufuti kitu. Mwenye pointi akikaa Bukavu miaka 2 halafu akarudi Uingereza, miaka hiyo inahesabiwa, lakini kama 5 haijatimia atazitaja.

La pili: wazazi wengine wameacha motokari kule, asiransi iko kwa jina la baba, naye mwana ndiye anaendesha kila siku. Wanafanya hivyo kwa sababu bei ya kijana, tena kijana mwenye pointi, ni kali. Kampuni zinalijua jambo hilo na zinalihesabu kuwa udanganyifu. Baba aliye Bukavu hawezi kuitwa mwendeshaji mkubwa wa motokari iliyo Birmingham. Wazazi, tusikubali jina letu litumike hivyo, hata mtoto akilia kwa simu.

La tatu: anayekwenda kutembelea na permi ya Kongo anaweza kuendesha motokari ndogo kule hadi miezi 12, lakini lazima asiransi ya motokari hiyo imtaje ao imruhusu. Akihamia kabisa, miezi 12 ikipita, permi yetu haibadilishwi pale, anafanya mtihani. Na akipata pointi akiwa hana permi ya kule, DVLA inamfungulia dosie na kuziandika ndani. Hazipotei.

Tumesikia wanachama wakisema: "Kampuni ni tajiri, haiumii." Tufikiri juu ya sanduku yetu wenyewe. Mtu anapoingia katika chama, tunamuuliza anatunza watu wangapi, na kama kuna deni la matanga ya zamani. Hatuulizi kwa kumchokoza. Tunauliza kwa sababu akificha, mama anayeuza ndizi Kadutu ndiye atalipa juu yake. Asiransi ni sanduku kubwa ya watu wasiojuana, na ndani yake pia yuko mama wa namna hiyo, anayelipa kila mwezi na hana pointi hata moja.

Basi, hivi ndivyo komite inaomba.

Kila mzazi apigie watoto wake simu mwezi huu. Awaulize bila hasira kama wana pointi. Kama hawana hakika, waangalie bure katika tovuti ya serikali, kwa namba ya permi, namba ya bima ya taifa na kodi ya posta. Kama jibu walilotoa mwaka huu si kweli, wapigie kampuni wenyewe kabla ya ajali. Bei inaweza kupanda, na kampuni inaweza hata kuvunja mkataba, lakini anayejitaja mwenyewe yuko mahali pazuri kuliko anayekamatwa.

Kama kampuni imekataa kulipa na mtoto anaona alijibu kwa uangalifu, asikate tamaa. Aandike malalamiko kwa kampuni. Ina wiki 8 za kujibu. Jibu lisipomridhisha, ana miezi 6 ya kupeleka neno lake kwa ofisi ya mwamuzi wa mambo ya fedha, Financial Ombudsman Service. Haitozi pesa. Atunze maswali aliyoulizwa na majibu aliyotoa, maana mwamuzi ataangalia kama swali lilikuwa wazi.

Sanduku ya chama haitalipa faini wala deni la aliyedanganya. Pesa hiyo ni ya wagonjwa na matanga. Lakini barua ya kiingereza iliyofika nyumbani kwako, uilete ofisini hata leo. Tutaisoma pamoja, na tutasaidia kuandika jibu kabla siku hazijapita.

 Maswali sasa.